Nani Ameshika Ufunguo wa Vali? Ilani Kutoka Kakonko



Tunaandika ilani hii kwa ndugu zetu wa Kakonko, Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, sisi mafundi bomba, wasoma mita, walinzi wa matangi, akina mama wahudumu wa vituo vya kuchotea maji, vijana watatu waliorudi kutoka Chuo cha Maji, na mzee mmoja ambaye kazi yake ya kutapisha vyoo haijawahi kuandikwa kwenye karatasi ya ofisi yoyote. Harakati yetu haina jina bado. Tulibishania jina jioni nzima, mpaka mwenzetu mmoja akasema tuache kwanza, tuseme tunataka nini, jina litakuja lenyewe kama lakabu linavyomjia mtu. Tukamsikiliza.

Tunataka kusimamia mtandao wa maji na majitaka kuhesabike kuwa kazi ya maisha. Isiwe kibarua cha kiangazi wala fadhila anayotupiwa mpwa wa mwenyekiti. Iwe kazi inayosomewa, yenye ngazi za kupanda, yenye mshahara unaotoka tarehe inayojulikana, na ambayo mzazi wa Kakonko anaweza kumtajia mwanawe kama anavyomtajia ualimu, uuguzi au jeshi la kujenga taifa pale Kanembwa. Hilo tu. Mengine yote yaliyomo humu ni sababu.

Sote tunaijua siku ya uzinduzi. Maturubai yanafungwa, viti vya plastiki vinapangwa, ngoma inapigwa, mgeni rasmi anakata utepe, anafungua koki, anamtwisha mama mmoja ndoo ya kwanza na watu wa kamera wanasukumana. Hatuna ugomvi na siku hiyo. Watu wa Kigoma tukipata la kujivunia tunasema leka dutigite, acha tujidai, na maji yanayotoka kwenye koki ni jambo la kujidai kweli. Ugomvi wetu ni na siku ya elfu moja. Siku ya elfu moja hakuna turubai. Kuna koki inayotoa upepo, kuna mita iliyoingia ukungu hadi namba hazisomeki, kuna daftari la makusanyo lililoishia katikati ya ukurasa. Yule kijana aliyekabidhiwa ufunguo wa vali siku ya utepe, mbele ya watu, akapigiwa makofi, yuko Kahama anatafuta riziki nyingine. Na ufunguo wenyewe? Uko kwa mama yake. Usiku anauegemeza mlangoni kama komeo.

Haya hayakuanza jana na si ya Kakonko peke yake. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilijiwekea mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila Mtanzania wa kijijini awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka uliofuata mkoa wetu ukapitiwa na operesheni ya kuhamia vijijini. Nyumba zikapangwa kando ya barabara, chemchemi zikabaki mabondeni zilikokuwa. Wafadhili wakagawana mikoa, Norwei ikapewa Kigoma na Rukwa. Mabomba yakalazwa, pampu zikafungwa. 1991 ikafika, ikapita. Mita 400 zile zile zikahamia kwenye Sera ya Maji ya 2002, safari hii na vipimo zaidi: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250. Mwaka 2009 shirika la WaterAid likachapisha hali ya vituo vya maji vijijini nchini. Karibu nusu vilikuwa havifanyi kazi. Katika vile vilivyokuwa na umri wa miaka miwili tu, kimoja katika kila vinne kilikuwa kimekwisha kufa.

Miaka miwili! Hata baiskeli inayopanda vilima vya Kasulu na madumu ya maji hudumu zaidi ya hapo, na sababu si ubora wa chuma chake. Mwenye baiskeli anaijua kila nati. Ikianza kulia kwenye pedeli anasimama hapo hapo, hasubiri kikao.

Ikaja Sheria Na. 5 ya 2019. Ikaanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na ikazipa nguvu jumuiya za watumia maji, ambazo sasa zinatakiwa ziendeshwe na watu wenye ujuzi wanaolipwa badala ya kamati ya kujitolea. Sheria ni nzuri, tunaisoma kwa furaha. Lakini sheria haishuki kwenye chemba kufunga vali, na mahali pengi "mtu mwenye ujuzi" amekuwa ni yule aliyekuwepo siku mkandarasi anafunga mabomba na akasaidia kuchimba mtaro.

Kwa hiyo tuieleze kazi yenyewe, maana wengi wanadhani ni kufunga mpira wa baiskeli palipopasuka.

Nchi yetu ya Buha ni ya milima na mabonde. Ndiyo bahati yetu: chemchemi ikiwa juu, maji yanakuja kwa mserereko bila dizeli, bila umeme, bila kuomba jua litoke. Na ndio mtihani wetu. Kila mita 10 za mteremko huongeza karibu bar moja ya presha ndani ya bomba. Tangi likiwa mita 90 juu ya bonde, bomba la bondeni linabeba bar 9, na halipumziki kijiji kikilala. Usiku ndipo linaelemewa zaidi, kwa sababu koki zote zimefungwa. Ukilaza hapo bomba la daraja la bar 6 kwa kuwa ndilo lililokuwa rahisi dukani, umetega bomu na kulifukia.

Sasa chukua mtu asiyefundishwa, mpe ufunguo, mwambie akafungulie maji baada ya matengenezo. Atafungua kwa mkupuo, tena kwa nia njema, kwa sababu akina mama wamesubiri siku tatu. Maji yanateremka yakiisukuma hewa mbele yake. Hewa haina pa kutokea, kwa kuwa vali ya hewa pale kwenye kilima imejaa udongo na hakuna aliyeifungua tangu ilipowekwa. Yanafika bondeni, yanagonga. Mlio wake ni kama mtu kapiga pipa kwa nyundo, halafu kimya, halafu sauti ya maji mahali pasipo na mto. Kwenye mradi mmoja ambao hatutautaja, mwenzetu alisimama katika shamba la watu akitazama matuta ya maharage yakisombwa, na kijiji kizima kikamlaumu yeye. Alikuwa katika wiki ya pili kazini. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba vali hufunguliwa kidogo kidogo: robo mzunguko, unasubiri, unasikiliza, robo nyingine. Wala hakupewa ramani ya kujua vali ya hewa iko wapi. Ramani ya mtandao ule ilikuwa kichwani mwa mzee mmoja, na mzee alikuwa ameshazikwa.

Nusu ya kazi yetu ni ya usiku. Mchana mtandao una shughuli nyingi mno, kila mtu anachota, huwezi kujua kinachokwenda kwenye ndoo na kinachokwenda ardhini. Saa nane za usiku watu wamelala. Unasoma mita kubwa ya tangi, unasoma tena saa tisa. Tofauti utakayoiona, ukitoa kituo cha afya na wachache wenye matangi yao ya kujaza, ni maji yanayovuja. Unafunga matawi moja baada ya jingine na mwenzako yuko kwenye mita na tochi, anakupigia simu: "Bado... bado... hapo! Mita imetulia." Tawi umelipata. Kisha unalitembea na nondo. Ncha moja unaigusisha kwenye bomba au kwenye vali, nyingine unaikandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Bomba zima linakaa kimya. Bomba lenye tundu linavuma, sauti nyembamba kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Kwenye chuma unaisikia kwa mbali. Kwenye plastiki lazima uwe karibu sana, na mabomba yetu mengi ni ya plastiki, kwa hiyo sharti la kwanza la kazi hii ni miguu. Sharti la pili ni kuzoeana na mbwa wa watu.

Tundu linalojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja si la kutisha. Unaweza kulipita asubuhi ukadhani ni umande. Kwa siku linamwaga ndoo 1,440, yaani lita 28,800. Kwa kipimo cha sera yetu hayo ni maji ya watu zaidi ya 1,100. Kijiji kinachouza ndoo kwa shilingi 50 kinalowesha nyasi kwa shilingi 72,000 kila siku. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wana haki, ila yanapimika, na jumuiya inayoyapima inaweza kumlipa fundi wake kutokana na maji aliyoyaokoa bila kupandisha bei ya ndoo hata senti. Tunaomba viongozi wa jumuiya wairudie hesabu hii kwa kalamu zao, wasitukubalie tu.

Asubuhi kuna dawa. Tangi la mita za ujazo 50 linahitaji gramu 150 hivi za unga wa klorini wa nguvu ya asilimia 65, kama maji yenyewe ni maangavu. Unaukoroga kwanza kwenye ndoo, unamimina, unaacha nusu saa kabla ya kufungulia. Kisha unapanda pikipiki hadi koki ya mwisho ya tawi la mwisho na kupima kilichobaki: kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Koki iliyo karibu na ofisi haitakuambia kitu. Hapo dawa ipo siku zote.

Tukifika kwenye majitaka watu wanaanza kukunja pua na kuangalia saa. Kaeni kidogo.

Kakonko hatuna mabomba ya majitaka. Tuna vyoo vya shimo na makaro, na hata Kibondo na Kasulu ndivyo wanavyoishi walio wengi. Basi tunaulizwa: hamna mtandao, mtasimamia nini? Tunajibu kwamba kila shimo la choo ni sehemu ya mtandao ambao bomba lake ni mvua. Mzee wetu wa kutapisha anaifanya kazi hiyo usiku, kwa ndoo na kamba, peku, na gongo kidogo ya kuua harufu. Hana glavu. Hana chanjo. Anaitwa kwa simu ambayo mwenye nyumba hataki majirani waisikie, na analipwa dirishani. Tulimwuliza tope linakwenda wapi. Akasema, "Panapochimbika." Maana yake ni shimo la pili, hatua tano kutoka la kwanza. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa mwaka na haziachi hadi Mei. Shimo lile linajaa, linatafuta njia, njia inakwenda bondeni, na bondeni ndiko iliko chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa. Nani anabeba futi kamba kwenda kupima? Hilo ni swali, hatukejeli. Tunataka awepo mtu ambaye jibu lake ni "mimi".

Na kuna mahali maji safi na majitaka hukutana chini ya ardhi bila ofisi yoyote kupaona. Maji yakikatwa, bomba hubaki tupu, na bomba tupu lililo mlimani hunyonya. Tundu lile lililokuwa likimwaga ndoo kwa dakika sasa linavuta ndani chochote kilicholizunguka: udongo, mkojo wa mbuzi, kinachochuruzika kutoka shimo la jirani. Maji yakirudi jioni, ndoo ya kwanza inakuja na vyote vilivyovutwa. Mama anaona yana rangi ya chai, anamwaga, anakinga ya pili iliyo angavu, anampa mtoto. Uangavu haumaanishi usalama, na mama hana kipimo. Ndiyo maana hatukubali wanaotushauri tuanze na maji kwanza, majitaka baadaye. Anayelinda bomba bila kujua vyoo viko wapi analinda nusu ya bomba.

Mkoa huu hauhitaji kusimuliwa gharama ya kulipuuza hilo. Mei 2015 Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika ambacho vyoo na maji yake havikuwatosha hata kidogo. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 30 katika wiki chache. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, iliyokuwa makao ya Wakongo tangu 1996, ikafurika. Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena. Januari 2016 Mtendeli ikafunguliwa hapa kwetu. Mtendeli ilisumbuliwa na uhaba wa maji tangu mwanzo, hadi ilipofungwa Desemba 2021.

Baadhi yetu tulijifunzia kazi kambini. Tulikuta utaratibu ambao hatukuwahi kuuona kijijini: watu wanahesabiwa, lengo ni lita 20 kwa mtu kwa siku, kila koki ina idadi yake, klorini inapimwa kila siku na kuandikwa, choo kikikaribia kujaa kuna fomu. Lisemwe hata kama linauma. Mkimbizi alikuwa na mtu wa kuhesabu lita zake, mwenyeji wa kijiji cha jirani hakuwa naye. Hatusemi kwa kijicho. Wakimbizi wale wengi ni ndugu zetu, Kirundi na Kiha vinasikilizana bila mkalimani. Tunasema kwa sababu ilithibitika kwamba kupima kunawezekana katika milima hii hii, matope haya haya mekundu, kwa mikono ya vijana hawa hawa wa Kakonko. Kambi ilipofungwa, ujuzi ule ukatawanyika. Mmoja wetu aliyekuwa akisimamia visima na matangi huko, leo anaendesha bodaboda kwenye barabara ya Nyakanazi. Ukipanda naye atakuonyesha, bila wewe kumwuliza, kila mahali bomba linapovuka barabara.

Wapo wanaosema tatizo letu ni vyanzo, tukipewa kisima kirefu kingine yote yataisha. Tunawaomba watazame Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993 mhandisi Ek Sonn Chan alikabidhiwa mamlaka ya maji ya mji uliotoka katika mauaji na vita. Maji yalitoka saa 10 tu kwa siku na kufika kwa watu wachache, na zaidi ya asilimia 70 ya yaliyosukumwa yalipotea, mengine kwa uvujaji na mengine kwa wizi uliohusisha hata wafanyakazi wenyewe. Alianza kwa kuhesabu wateja nyumba kwa nyumba na kufunga mita. Jenerali mmoja aliyekataa mita alimwekea bastola kichwani. Ek Sonn Chan akaondoka, akarudi na askari, akamkatia maji. Jenerali akalipa kama watu wengine. Miaka ikapita, upotevu ukashuka chini ya asilimia 10, na maji yakatoka usiku na mchana. Jirani zetu Uganda nao wanamkumbuka William Muhairwe, aliyekabidhiwa shirika la maji la taifa mwaka 1998 likila hasara na akaanza kulinyoosha kwa programu ya siku 100. Hakuna kati yao aliyengoja mto mpya.

Tena kuna London. Kiangazi cha 1858 mto wao ulinuka hadi wabunge wakapata taabu kukaa ndani ya ukumbi wao ulioko kando ya mto, mapazia yakaloweshwa kwa dawa. Baada ya hapo fedha zilipatikana upesi sana, na Joseph Bazalgette akajenga mifereji ya majitaka ambayo mji unaitumia hadi leo. Wakati mwingine tunawaza kwamba tungekuwa tumefanikiwa zamani kama vikao vya bajeti vingefanyikia karibu na dampo.

Sasa wewe kijana uliyemaliza kidato cha nne, ukakaa nyumbani ukisubiri koneksheni.

Njia ipo. Unaweza kuanzia chuo cha ufundi cha VETA, kwenye ufundi bomba. Unaweza kuomba Chuo cha Maji pale Ubungo, Dar es Salaam, kilichokuwepo tangu 1974. Kinafundisha kuanzia astashahada hadi shahada: usambazaji wa maji na usafi wa mazingira, uchimbaji wa visima, maabara ya ubora wa maji. Ukimaliza stashahada wewe ni fundi sanifu. Ukiendelea utakuwa mhandisi na kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hesabu na fizikia utazihitaji, hilo hatulifichi, na ndilo eneo ambalo shule zetu za kata zinatuangusha. Dada zetu tunawaambia hivi: mmebeba ndoo hizi tangu mkiwa na miaka sita, mnajua saa ambayo koki hupungua nguvu na mwezi ambao chemchemi hugeuka rangi kuliko ripoti yoyote. Hiyo ni elimu ya mtandao tayari. Msikubali iishie kichwani kwenye ngata.

Na kazi haipungui. Kasulu imo kwenye mpango wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India. Ubelgiji imefadhili miradi ya maji vijijini mkoani humu. Umeme wa gridi umefika nyanda hizi kupitia Nyakanazi, pampu zilizokuwa zikinywa dizeli zinaweza kubadilishwa. Mabomba yanazidi kulazwa, mita za kulipia kabla zinafungwa. Kila kilomita inayozikwa leo itahitaji mtu wa kuijua mwaka ujao na miaka 20 baadaye, na mtu huyo haji ndani ya kontena pamoja na mabomba.

Lakini hatutaki uingie kwa kudanganywa. Utaitwa saa tisa usiku na mvua inanyesha. Maji yakitoka hakuna atakayekukumbuka, yakikatika utatukanwa mbele ya watoto wako. Utaombwa kuunganishia mkubwa fulani bila mita, naye atakuita "mwanangu" akikuomba. Utaingia kwenye chemba ambayo nyoka ameitangulia. Katika jumuiya nyingine mshahara wako utategemea wangapi wamelipa mwezi huo, na wewe ndiye utakayetumwa kwenda kuwakatia waliogoma, akiwemo shangazi yako. Mmoja wetu alimkatia shangazi yake. Walipatana baada ya Pasaka mbili.

Kwa ajili hiyo tunadai, na tunadai kwa halmashauri, kwa jumuiya za watumia maji, kwa wafadhili na kwa sisi wenyewe. Mradi usikabidhiwe bila ramani yake, iliyochorwa kama ulivyolazwa kweli na siyo kama ulivyopangwa ofisini, nakala moja ikae kijijini mahali palipo pakavu. Utepe usikatwe kabla jina la msimamizi na mkataba wake havijasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Mshahara wake uwe wa kwanza kutoka katika makusanyo, kabla ya posho ya kikao chochote. Watapishaji vyoo watambuliwe, wapewe buti, glavu, chanjo, na mahali halali pa kupeleka tope. Ombi hili mzee wetu alitaka liwe la kwanza na tukamwahidi kwamba hata kama halikutangulia kwenye karatasi litatangulia kwenye kazi. Vijana wa kijiji wanaokwenda kusomea maji wasomeshwe na jumuiya pale inapoweza, kwa sharti la kurudi. Na mtu asipewe ufunguo wa vali kwa sababu ya ukoo wake, hata kama ukoo huo ndio uliotoa eneo la tangi. Tunajua hili la mwisho litaleta maneno. Yalete.

Kwa upande wetu tunaahidi kuandika. Kila uvujaji, kila tarehe, kila kipimo cha klorini, kila shimo lililotapishwa na pale tope lilipomwagwa. Daftari letu litakuwa wazi kwa yeyote wa kijiji anayetaka kulisoma, hata yule anayetutukana. Fundi atakayekamatwa ameuza maji kwa siri tutamtaja jina sisi kabla hajatajwa na wengine.

Tumeanza. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunapita mstari wa bomba kwa miguu, kutoka kwenye dakio la chemchemi hadi koki ya mwisho, tukichora ramani ambayo haikuwahi kuchorwa. Mzee wa kutapisha anatangulia, kwa sababu ndiye anayejua mashimo yalipo. Tunakutana sokoni Kakonko saa kumi na mbili asubuhi. Njoo na buti, daftari, na maji yako ya kunywa. Yachemshe kwanza.